Kodi nafuu au mlango unaopitika?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kipi kitangulie mtu mzima mwenye ulemavu na kipato kidogo anapotafuta nyumba ya kupanga: kodi nafuu, au nyumba anayoweza kuingia na kutoka mwenyewe. Limenichoma, kwa sababu linayachukua mambo hayo kana kwamba yanatenganishika. Mimi natumia kitimwendo na ninajikimu kwa kushona nguo. Chumba cha kodi ndogo nisichoweza kutoka bila kubebwa kina kodi ya pili, inayolipwa kila siku kwa fedha au kwa fadhila za watu. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kusema bila kuyumba kwamba mtu asikubali kamwe chumba cha namna hiyo.

Lakini kuna chumba kimoja ambacho siwezi kukipita kimya. Dalali aliniambia kwa simu kwamba hakina ngazi. Nilipofika nikakuta ngazi mbili, kila moja ya sentimita 15. Kipimo kinachotumika sana cha kuweka mteremko wa kupitisha kitimwendo badala ya ngazi ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo zilihitajika mita 3.6, na kati ya baraza na lango hapakuwa hata na mita 2. Nikainuliwa, nikaingia, nikaenda moja kwa moja chooni, kwa maana huko ndiko nyumba nyingi zinakonishinda. Mlango ukiwa wazi, nafasi iliyobaki ilikuwa sentimita 64. Kitimwendo changu kina 66. Mwenye nyumba, mama wa makamo, aliichukua futikamba mkononi mwangu akapima mwenyewe, kisha akauliza, "Na mlango ukiondolewa kabisa, utapita?" Tukapima tena kutoka fremu hadi fremu: sentimita 68. Akamwita kijana wake aje na bisibisi. Skrubu za bawaba zilikuwa zimeshika kutu, na ile ya chini kabisa ilibidi igongwe kwa nyundo. Mlango ulipotoka, nikaingia taratibu, nikachubuka vidole vya mkono wa kulia kwenye fremu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kugeuka nikatoka kinyumenyume. Jioni ile alitundika pazia zito la buluu.

Niliishi pale miezi 14. Ngazi zilibaki vilevile, na kila asubuhi nilimsubiri jirani aniteremshe. Aliposafiri, nilikaa ndani siku nne mfululizo, na siku hizo sitaki mtu yeyote azipitie. Hata hivyo, unafuu wa kodi ile ndio ulioniwezesha kuweka akiba ya amana ya nyumba ninayoishi sasa, ambayo haina ngazi hata moja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unatambua katika kifungu cha 19 haki yetu ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, na kifungu cha 28 kinataja fursa ya kunufaika na mipango ya makazi ya umma. Ninaviamini vifungu hivyo na ninataka serikali zivitimize kwa kujenga. Ila mtu anayetakiwa kuhama mwisho wa mwezi hawezi kulala ndani ya kifungu.

Basi jibu langu, kinyume na nilivyoanza, ni kwamba kodi nafuu inaweza kutangulia, kwa masharti. Choo lazima ukifikie bila msaada wa mtu, maana ngazini nilimsubiri jirani, lakini chooni nisingeweza. Marekebisho yaandikwe na kutiwa saini: nani analipa, na nani anarudisha mlango mpangaji akihama. Mama yule alikubali kuandika kwamba gharama zote ni zake. Wala simshauri hivi mtu anayeishi peke yake bila jirani wa kumwita usiku, au anayetegemea mashine ya kupumulia. Huyo, nyumba ikiwaka moto, ngazi mbili zinatosha kumzuia asitoke.