Mti haubebeki

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza: ukiwa na nafasi ya kupanda kitu kimoja tu nyumbani, utapanda ua au mti wa kivuli? Nilicheka peke yangu, maana swali hilo nimeishi nalo miaka 19. Marehemu mume wangu alikuwa upande wa mti, mimi upande wa ua, na kiwanja chetu hapa Tanga ni mita 20 kwa 20. Ukishatoa nyumba, choo, tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, ardhi inayobaki haiwatoshi wabishi wawili.

Ua langu ni asumini. Mti wake ni mwarobaini. Vyote viwili asili yake ni upande wa Bara Hindi, vilivuka bahari vikazoea, na leo sidhani kuna mtu wa pwani anayeviona vigeni.

Asumini yangu ilitoka uani kwa mama, Pangani. Alikata pingili tatu kwa kisu cha jikoni, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, nikazipakata ndani ya basi kama mtoto mchanga. Mbili zilishika. Masika mawili baadaye kichaka kilinifika kiunoni, na tangu hapo jioni yangu ikawa na kazi. Asumini haichumwi asubuhi. Unaiendea saa kumi na moja jioni, bado imefumba, nyeupe na ngumu kama kifungo cha kanzu. Unaitandaza kwenye sahani, unaifunika kitambaa chenye majimaji, unaiacha. Ukishaswali Isha ukafunua, maua yamekunjuka yote na nyumba nzima imeshapata habari. Ukiiacha ifungukie mtini, harufu inaliwa na usiku, na asubuhi unaokota maua yaliyolegea na kubadilika rangi.

Kuna wanaouliza ua lina faida gani, haliliwi. Hao nawasamehe, hawajawahi kukaa mtaa wenye harusi. Msimu ukifika, mlango wangu haunyamazi: "Shikamoo bibi, mama anaomba asumini." Za kutungia koja la bibi harusi, za kumwaga kitandani, za vikuba, vile vishada vya kunukia, pamoja na mrehani, na ua la kilua likipatikana. Sijawahi kuuza hata ua moja, lakini mtu akinikumbuka kwa sahani ya biriani siku ya harusi najua imetoka wapi.

Sasa nije kwa mume wangu. Yeye alikuwa hasemi sana, alikuwa anapima. Nyumba yetu ni ya tofali na bati, na chumba chetu cha kulala kiko upande wa machweo. Mwezi wa kwanza tuliohamia ulikuwa Januari. Saa mbili usiku, jua limeshazama zamani, alinishika mkono akauweka ukutani, ndani, juu ya kitanda. Ukuta ulikuwa moto kama birika iliyoepuliwa punde. "Hapa ndipo tunalala," akaniambia, basi. Kesho yake alfajiri alirudi kutoka msikitini na mche wa mwarobaini aliouchomoa chini ya mti mama. Mbegu za mti huo hazikai, zikipita wiki chache zimekufa, lakini zikidondoka zikapata mvua zinaota zenyewe kama mchicha.

Aliniuliza kama najua mti ukae wapi. Nikamwambia popote penye nafasi. Hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo mpaka leo naona watu wanalikosea. Sisi tuko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua linakaribia utosini, kivuli cha mti kinalala chini ya mti wenyewe, ukuta haupati kitu. Kivuli cha kukufaa ni cha alasiri, jua likiinama. Na katika miezi ya joto kali, Desemba mpaka Februari, jua letu halizami magharibi kamili, linasogea upande wa kusini. Kwa hiyo mti wa kulinda chumba unakaa kona ya kusini-magharibi. Uzuri wake, miezi hiyo hiyo ndiyo ya kaskazi, na kaskazi inaingia kutoka upande wa pili kabisa, kaskazini-mashariki. Mti unazuia jua, upepo unapita.

Mwarobaini hausubiri kubembelezwa ukue. Mwaka wa tatu ulishapita kingo ya bati. Mwaka wa tano niliweka tena kiganja pale juu ya kitanda, saa ile ile, Januari, na ukuta ulikuwa ukuta. Kiangazi unapukutisha, ni kweli, lakini hauchelewi kuvaa upya. Nimeelezwa na waliokwenda Hija kwamba ukifika uwanda wa Arafa unakuta mwarobaini umepandwa safu kwa safu, miti ipatayo 50,000, ili mahujaji wapate pa kusimama. Mti unaoweza kuishi pale, Tanga unaona ni peponi.

Lakini asumini yangu ilikuwa upande ule ule wa machweo, karibu na baraza. Sikufikiri. Mwanzo sahani ilikuwa inajaa mpaka naongeza na kawa. Baadaye sahani tu. Baadaye nusu. Nikadhani ni wadudu, nikakagua jani kwa jani. Nikaongeza samadi, nikaongeza maji. Majani yakawa makubwa, ya kijani kibichi, wapita njia wanayasifia. Maua, jioni moja, nilihesabu tisa. Ilikuwa ina afya kuliko ilivyowahi kuwa, na haina kazi. Asumini inataka jua kwa muda wa saa tano au sita kila siku, ikikosa inakula mbolea yako na kukupa majani.

Nilimfuata mume wangu na panga mkononi, nataka matawi yapunguzwe. Hakukataa. Alisema tu, "Mama, ua lako linabebeka. Mti wangu haubebeki." Nilikasirika siku mbili, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ile asumini yenyewe niliibeba kwenye kitambaa kutoka Pangani! Masika yalipoanza nikakata pingili sita, nikazipanda kona ya kaskazini-mashariki, penye jua la asubuhi. Mwaka uliofuata sahani ikajaa, na nikapata na nyongeza ambayo sikuipanga: kaskazi ikivuma usiku inapita kwanza kwenye asumini ndipo iingie dirishani.

Kwa hiyo jibu langu, mimi niliyekuwa upande wa ua: panda mti. Uupe nafasi yake kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ukikosea huwezi kuusogeza hata shubiri moja. Ua litakwenda lilipo jua lililobaki.

Na kukosea tulikosea. Marehemu alipima jua vizuri, akasahau kupima mizizi. Aliuweka mita mbili na nusu tu kutoka ukutani. Mwaka juzi choo kilianza kurudisha maji, fundi akafunua chemba na kutoa mzizi mnene kama kifundo cha mkono wangu, umejaa vinywele kama ufagio. Ningepanda leo ningehesabu hatua nane kutoka ukutani na mbali zaidi na chemba. Gata nazo zinazibwa na majani, lazima mtu apande kuzisafisha kabla ya mvua. Tunda likiiva popo wanakuja, na asubuhi ukuta niliopaka chokaa una michirizi ambayo sitaieleza hapa.

La mbu niseme wazi, maana nimelisikia mno. Mbegu za mwarobaini zina dawa ya wadudu, hilo linajulikana. Mti uliosimama tu uani haujaniondolea mbu hata mmoja, tunalala ndani ya chandarua kama zamani. Na wanaosema unatibu maradhi arobaini, jina ndilo linalosema hivyo, lakini mafuta ya mbegu zake msimnyweshe mtoto mchanga. Yanadhuru.

Kijana wangu wa Dar es Salaam ananiambia mwarobaini ni mti wa kizamani, sasa watu wanapanda mashoki. Mashoki nimeyaona. Yamesimama kando ya ukuta kama askari wa gwaride, mazuri kwa macho, na kivuli chake unaweza kumfunika mtu mmoja mwembamba. Mkungu una kivuli kipana kizuri, ila majani yake ni ya kufagia mwaka mzima. Mwembe sina neno nao, isipokuwa embe likidondoka juu ya bati saa nane usiku utafikiri umevamiwa. Wengine watawajibu kwamba mkrismasi, ule wa maua mekundu, unamaliza ubishi, ni ua na kivuli kwa pamoja. Ukichanua Desemba hata mimi nasimama kuutazama. Lakini matawi yake ni mepesi kuvunjika, mizizi inatambaa juu juu na kuinua sakafu ya baraza, na maua yale hayanukii. Huwezi kumvisha bibi harusi.

Kama umepanga nyumba ya mtu, yote niliyosema geuza. Usimpandie mwenye nyumba mti wa miaka 40 halafu akupandishie kodi kwa sababu nyumba ina kivuli. Chukua ndoo ya rangi iliyokwisha, itoboe chini, tia udongo na samadi iliyooza, panda asumini. Baada ya msimu wa maua ikate fupi, usiionee huruma, kwa sababu inachanua kwenye machipukizi mapya. Siku ya kuhama unaibeba mkono wa kushoto na godoro mkono wa kulia.

Sasa hivi naandika nimekaa kwenye mkeka chini ya mwarobaini, saa kumi inakaribia. Wajukuu wawili wananing'inia kwenye tawi ambalo babu yao alikataa lisikatwe. Mtaa wa nyuma kuna harusi Ijumaa na nimeshaombwa sahani mbili, sijui kama zitatosha. Kichaka kimerefuka, mvua zikianza nitakikata. Pingili zitakuwa nyingi kuliko nafasi niliyo nayo, anayetaka aje na kopo lake.