Dawa Zimejaa Mezani, Mbwa Hapati Nafuu: Naanza na Lipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi nipo Kihonda hapa Morogoro, nina mbwa jike anaitwa Popi, mchanganyiko wa German Shepherd na hawa mbwa wetu wa kawaida, anaenda miaka tisa na hajatolewa kizazi. Mwaka jana alianza kunywa maji sana na kukonda huku anakula vizuri tu, akapimwa tukaambiwa ni kisukari, nampiga insulini asubuhi na jioni. Nyonga nazo zimechoka, akilala muda mrefu kunyanyuka ni kazi, anaburuza miguu ya nyuma. Afu ngozi ikaanza kumuwasha, anajikuna mpaka anatoka vidonda, daktari mwingine akampa prednisoloni, kweli muwasho ulipungua ila sasa hivi anakunywa maji kuliko hata mwanzo na sukari haishuki japo insulini tumeongezewa. Juu ya hapo kupe hawaishi, juzi juzi alitokwa damu puani wakasema ni ugonjwa wa kupe, yupo kwenye doksisiklini. Sasa jirani ananiambia nimuogeshe dawa ya kuogeshea ng'ombe, na duka la dawa wameniuzia diklofenaki ya miguu, bado sijampa. Yaani kila ugonjwa una dawa yake na kila dawa ina mtu wake aliyeitoa, mimi nimebaki katikati. Naanza na lipi? Mume wangu anasema mbwa anakula hela kuliko watu, ila Popi kakua na wanangu, siwezi kumtupa. (Mama Popi, Morogoro)

JIBU: Marahaba Mama Popi, na pole sana. Umefanya vizuri mno kuuliza kabla ya kumpa hiyo diklofenaki. Usimpe, hata nusu kidonge. Ni dawa ya binadamu, tumbo la mbwa haliihimili, inamchubua na kumuumiza figo, na kwa Popi ni hatari zaidi maana tayari yupo kwenye prednisoloni, dawa hizo mbili zikikutana tumboni ni kutafuta vidonda vya tumbo kwa nguvu. Afu huyu katokwa na damu puani. Ugonjwa wa kupe unapunguza zile chembe zinazogandisha damu, kwa hiyo akianza kuvuja ndani hutojua mpaka uone kinyesi cheusi cha kunata, na hapo tunakimbizana na muda. Ibuprofeni nayo ni hivyo hivyo, iache kwa ajili ya watu.

Sasa umeuliza uanze na lipi. Mimi ningekwambia usianze na ugonjwa wowote, anza na dawa. Zitandaze zote mezani, za sindano, za vidonge, za kupaka, za kuogeshea, hata zile ulizoacha katikati, piga picha au zitie kwenye mfuko, nenda nazo zote kwa daktari mmoja ambaye kuanzia hiyo siku ndo atakuwa mwenye kauli ya mwisho juu ya Popi. Mtu mwingine akikushauri dawa, hata akiwa daktari, mwambie subiri nimuulize wa kwanza. Wewe bahati yako upo Morogoro, SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali ya wanyama na wanafundisha madaktari wa mifugo hapo hapo, watu wanasafiri kutoka mbali kuifuata.

Kwa nini nakazania hivyo, angalia hii ya sukari. Prednisoloni inapandisha sukari na inaifanya insulini isifanye kazi yake sawasawa. Kwa hiyo unavyoona insulini inaongezwa na sukari iko palepale, ni dawa mbili zinavutana kamba ndani ya mwili wa mbwa mmoja, aliyeandika ya ngozi kaangalia ngozi na anayeongeza insulini sijui kama aliambiwa kuna prednisoloni. Ila tafadhali sana usiikatishe ghafla leo ukisoma hapa! Mwili ukishazoea kuipata kutoka nje unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe, ukiikata mara moja mbwa anaweza kuzimia na hata kufa. Inapunguzwa taratibu, na kadiri inavyopungua insulini nayo lazima ishushwe, la sivyo ile dozi iliyokuwa haitoshi itageuka kuwa kubwa mno na sukari itaanguka. Hapa ndo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo hicho kipindi cha kupunguza uwe unaongea na daktari wako kila baada ya siku chache.

Dalili za sukari kushuka uzijue wewe na watoto wote wa hapo nyumbani: anatetemeka, anayumba kama kalewa, anakuwa mzito kuelewa, anaweza kuanguka na degedege. Chukua asali au sukari iliyokorogwa na maji kidogo, mpake kwenye ufizi, usimmiminie kooni maana atapaliwa, afu mpigie daktari. Asali ikae sehemu moja ambayo hata mtoto anaifikia. Na siku ambayo Popi amegoma kula au ametapika usimpige dozi yake nzima, piga simu kwanza.

Kingine cha kuangalia leo leo ni sindano zenyewe. Insulini ya binadamu ina yuniti 100 kwa mililita moja, ile ya wanyama kama Caninsulin ina yuniti 40, na kila moja ina sindano yake yenye mistari yake. Ukivuta insulini ya binadamu kwa sindano ya yuniti 40 mpaka mstari wa 10, umempiga yuniti 25. Ukifanya kinyume chake anapata 4. Soma kichupa, soma sindano, vifanane. Na kama umeme unakatika sana kwenu, kichupa kiweke kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, sehemu yenye kivuli na hewa, kinabaki na ubaridi wa kutosha, usije ukakiweka kwenye friza.

Halafu hili la kizazi hujalitilia uzito ila mimi nimeliona kwanza kabisa. Jike asiyetolewa kizazi, kila akitoka kwenye joto homoni zinakaa juu kama miezi miwili na hizo zinapinga insulini. Jaribu kukumbuka lini alikuwa kwenye joto mara ya mwisho, inawezekana sukari inapanda na kushuka kwa kufuata huo mzunguko. Kumtoa kizazi inaweza kuwa ndo dawa ya kisukari kuliko kuongeza yuniti, ila sio wiki hii, damu yake haigandi vizuri. Amalize doksisiklini, kwa kawaida ni siku 28, apewe na chakula na asiachiwe katikati eti kwa sababu kachangamka, apimwe tena damu, ndo mpange upasuaji.

Dawa ya ng'ombe pia hapana. Angalia chupa, kama imeandikwa Amitraz basi hiyo nayo inapandisha sukari kwa mbwa, wa kisukari haogeshwi nayo kabisa. Muulize daktari vidonge vya kutafuna vya kupe, bei yake inauma kidogo ila kuna vinavyokaa mwezi na vinavyokaa hadi wiki 12, na umwambie kama Popi amewahi kupata degedege maana hapo atachagua kwa uangalifu. Afu ujue kupe unaowaona juu ya mbwa ni wachache, huyu kupe wa kahawia wa mbwa anapanda ukutani na kutaga mayai maelfu kwenye nyufa za banda. Kama banda ni la mbao kuukuu au ukuta haujapigwa plasta, ziba nyufa, choma yale magunia anayolalia, fagia kila siku. Kupe wakiisha usishangae muwasho wa ngozi ukapungua wenyewe, na mkawa hamuihitaji tena prednisoloni.

Na miguu je? Hapa nina matumaini kuliko unavyodhani. Kisukari kisichotulia kinakula misuli, prednisoloni ya muda mrefu nayo inakula misuli, kwa hiyo huo udhaifu wa nyuma huenda si nyonga peke yake. Vikitulia hivyo viwili mapaja yanaweza kujaa tena. Kwa sasa tandika mkeka wa mpira au zulia kuukuu pale anaponyanyukia, sakafu ya tailizi inawatesa sana, mtembeze kidogo kidogo mara mbili kwa siku kuliko mara moja ndefu. Dawa ya maumivu ya mbwa yenyewe ipo, meloksikamu kwa mfano, ila ije baada ya prednisoloni kutoka mwilini na figo kupimwa, sio kabla. Figo zipimwe kwa damu na mkojo, ugonjwa wa kupe ukikaa sana unazifanya zivujishe protini.

Kuhusu hayo maji. Mbwa anayekunywa sana, sababu inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa prednisoloni, inaweza kuwa figo, na kwa jike kama Popi inaweza kuwa usaha kwenye kizazi, ambao unaua haraka. Kwa hiyo usiseme "ah ni kisukari chake kile kile". Pima. Jaza bakuli kwa chupa ya lita moja na nusu, andika umejaza mara ngapi, zikitimia saa 24 punguza kwenye hesabu yaliyobaki. Ikizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ni nyingi mno, yaani mbwa wa kilo 25 akivuka lita mbili na nusu. Uzito nao rahisi, panda mzani umembeba, afu panda peke yako utoe tofauti. Kwenye daftari hilo hilo andika alichokula, dozi na saa uliyopiga, na kitu chochote kipya ulichokiona. Chakula kiwe kile kile kiasi kile kile kila baada ya saa 12 pamoja na sindano, na watoto waache kumrushia maandazi, najua wanampenda ila ndo yanayovuruga hesabu.

Mzee mweleze hivi: hela zinaliwa na dawa zinazopingana. Zikishapangwa nadhani hata gharama itashuka, maana baadhi mtaziacha.

SWALI: Sasa daktari, sisi tuko Nakuru, mbwa wetu Tommy ana miaka 13, ana shida ya moyo na figo pamoja, anapewa Lasix na dawa ingine ya moyo. Shida anakojoa kwa nyumba usiku, so mum anatoa maji saa moja jioni mpaka asubuhi. Hiyo iko sawa? (Kijana wa Nakuru)

JIBU: Haiko sawa, na mwambie mama kwa upole maana najua amechoka kupiga deki. Lasix inatoa maji mwilini ili yasijae kwenye mapafu, na figo zilizochoka haziwezi kubakisha maji zenyewe, sasa mkimnyima saa 12 nzima anaamka amekauka na figo zinaumia zaidi. Maji yakae muda wote. Muulizeni daktari kama dozi ya jioni inaweza kurudishwa nyuma, ipewe saa kumi na moja badala ya usiku, halafu atolewe nje mara ya mwisho kabla ya kulala, na atandikiwe kitu kinachofyonza.

Moyo na figo vinagombania maji hayo hayo, kinachotafutwa ni dozi ndogo kabisa ya Lasix inayotosha kuacha kifua kikavu. Hiyo dozi hamuwezi kuikisia, inahitaji vipimo vya damu vya figo na potasiamu, na inahitaji nyinyi mhesabu pumzi. Tommy akiwa amelala fofofo, sio anayeota, angalia kifua kinavyopanda na kushuka, hesabu kwa nusu dakika zidisha mara mbili. Chini ya 30 ni sawa. Ikianza kuvuka 30 siku mbili tatu mfululizo pigeni simu hata kama anacheka na mkia, ikipanda ghafla au fizi zikiwa za bluu mbebeni usiku huo huo. Omena za chumvi, soseji na supu ya unga wa pakiti acheni. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete ni ya kufikiria kama mnataka mtu aangalie moyo na figo kwa pamoja.

SWALI: Nitajuaje kwamba sasa imetosha, mbwa apumzishwe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwenye kalenda ya ukutani weka alama kila jioni, siku nzuri au siku mbaya. Mnaangalia kama amekula, kama amenyanyuka mwenyewe, kama amelala bila kuhema, kama bado anakuja mlangoni mkirudi. Mbaya zikizidi nzuri kwa wiki mbili na dawa zimeshapangwa vizuri, muite daktari mzungumze. Anapumzishwa kwa sindano ya usingizi, hasikii maumivu, msikubali mtu alete sumu au rungu eti kwa sababu ni bure. Na mazungumzo hayo yafanyeni mapema, mkajua kabisa bei yake, kama daktari anakuja nyumbani, na atazikwa wapi.