Uliza Mwalimu wa Shabaha: Bastola Fupi na Kiganja Kinachowaka

Shikamoo Mwalimu. Nimenunua rivolva ya mtutu wa inchi mbili kasoro, fremu ya alumini, inayobeba risasi tano za .38 Special ndani ya silinda yake inayozunguka. Muuzaji aliniambia ndogo na nyepesi ndiyo inayomfaa mwanamke. Uwanjani, nikimaliza silinda ya pili tu kiganja kinawaka, kidole cha kati kinavimba, na risasi zote zinaangukia chini kushoto. Natumia mkono wa kulia. Je, niongeze mazoezi mpaka nizoee?

Marahaba, dada yangu. Kauli hiyo ya muuzaji naisikia kila mara, na kila mara inanikera, kwa sababu ukweli ni kinyume chake. Risasi inaposukumwa mbele, bastola nayo inasukumwa nyuma, na baruti haijali kama umeshika chuma kizito au alumini. Bastola yako ina uzito wa kama gramu 425. Risasi hiyohiyo ukiipiga kwa bastola yenye uzito mara mbili ya huo, nishati inayokifikia kiganja chako inapungua kwa nusu. Rivolva ndogo ya Chiefs Special ya kampuni ya Smith & Wesson ilipotoka mwaka 1950 ilikuwa ya chuma, na chuma kile kilikuwa kinamsaidia mpigaji kubeba sehemu ya mzigo. Nyepesi ni raha kuibeba. Kuipiga ni kazi, tena kazi ya mtu aliyekwisha kujifunza kwa bastola nzito zaidi.

Kwa hiyo hapana, usiongeze mazoezi ya kuumia. Hapo unaufundisha mwili woga.

Tuanze na kidole kilichovimba. Kinapigwa na pete inayozunguka kifyatulio, kwa sababu kati ya pete hiyo na mpini pana uwazi, na mkono wako umekaa chini mno. Badilisha mpini. Tafuta wa mpira unaoziba uwazi huo na kuufunika mgongo wa fremu, ili chuma kisikutane na ngozi. Kisha pandisha mkono: panda iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ifike juu kabisa, ikiiachia nyundo nafasi yake tu. Mkono ukikaa chini, mtutu unapata nafasi ya kuruka juu na mpini unazunguka ndani ya kiganja. Ukikaa juu, msukumo unakuja moja kwa moja kuelekea kwenye kigasha. Shika kwa nguvu kabla ya kufyatua, na nguvu hiyo isibadilike. Kidole cha mwisho kikikosa pa kushika, kikunje chini ya mpini. Gumba la kushoto lilale juu ya la kulia. Kidole chochote kisisogee mbele kwenye mwanya wa kati ya silinda na mtutu, maana hapo hutoka moto na chembe za risasi, na vinakata.

Sasa hilo la chini kushoto. Risasi hutoka kwenye mtutu mfupi kama huo kwa muda wa sehemu moja hivi ya elfu ya sekunde. Kishindo unachokisikia mkononi karibu chote kinakuja ikiwa imeshaondoka. Kinachoharibu shabaha yako ni kile unachokifanya kabla: unakaza kiganja kizima na kuusukuma mtutu chini ili kuuwahi mruko. Usiniamini mimi, jipime. Mwombe mwenzako aipakie silinda akichanganya risasi na maganda matupu, wewe ukiangalia pembeni. Piga kama kawaida. Nyundo itakapoangukia ganda tupu, iangalie alama ya mbele ya kulengea. Nimeona mitutu ikizama kama ndoano ya mvuvi iliyomezwa na samaki, na mpigaji mwenyewe akashika mdomo. Ukiliona kwa macho yako, nusu ya dawa umeshaipata.

Nusu iliyobaki ni kufyatua bila risasi. Fungua silinda, itoe kila kitu, hakikisha kwa macho na kwa kidole, risasi zikae chumba kingine, na ulenge ukuta unaoweza kuzuia risasi. Kifyatulio cha bastola hizi kinahitaji nguvu ya karibu kilo 5, nacho kimewekwa kwenye chombo kisichofika hata nusu kilo. Ndiyo maana kinayumba! Ingiza kidole mpaka karibu na kiungo cha kwanza, vuta mfululizo bila kusimama katikati, na alama ya mbele isitikisike nyundo inapoanguka. Ukirudi uwanjani tumia risasi za kichwa bapa za kulengea, zile za greni 148 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zenye baruti kidogo. Piga silinda mbili tatu za hizo, kisha acha, hata kama unatamani kuendelea. Ziba masikio vizuri, na kama uwanja una paa weka kinga mara mbili, maana mtutu mfupi una kelele kali na kelele peke yake inatosha kukuogopesha. Miwani usiisahau.

Mwalimu, kaka yangu anasema ninunue ya .357 Magnum yenye mtutu mfupi, eti ina nguvu zaidi. Unashaurije?

Risasi hiyo ya Magnum ilitoka mwaka 1935, na wakati ule watu waliipiga kwa bastola kubwa, mitutu mingine ikizidi inchi nane. Kwenye mtutu wa inchi mbili sehemu kubwa ya faida inapotea, baruti nyingine ikiungulia nje ya mdomo wa mtutu. Unabaki na ndimi za moto, kelele na maumivu. Ukiinunua, iwe ya chuma, uipige kwa .38 Special, kwani zinaingia. Kinyume chake hakikubaliki: ganda la magnum ni refu zaidi kwa milimita 3 hivi, na bastola ya .38 haikujengwa kustahimili shinikizo lake. Safisha matundu ya silinda baada ya .38 nyingi, maana masizi yanayoganda mbele yanazuia ganda refu kuingia.

Nimehamia risasi nyepesi ili kupunguza mshindo, Mwalimu. Kweli umepungua, ila sasa zinapiga chini. Je, ni ule woga?

Jipime kwanza kwa maganda matupu kama nilivyomwambia dada hapo juu. Mtutu ukitulia, basi sababu ni risasi yenyewe. Nilisema *karibu* chote cha kishindo huja baadaye; kipo kidogo kinachoanza risasi ikiwa bado ndani, na watengenezaji wanakijua. Itoe risasi zote, itazame bastola yako ubavuni, utaona alama ya mbele imeinuka sana: ukilenga sawasawa, mtutu unaangalia chini kidogo, ukisubiri kuinuliwa. Risasi nzito ya greni 158 hukaa ndani muda mrefu zaidi, mtutu ukapanda nayo. Nyepesi yenye kasi inawahi kutoka. Rudi kwenye uzito ambao alama zako zilipimiwa, lakini chagua yenye baruti ya wastani.

Bastola yangu nyepesi sana ilikwama katikati ya mazoezi, silinda ikagoma kuzunguka. Risasi zilikuwa mpya.

Upya haukusaidii hapa. Kila unapopiga, bastola nyepesi inarushwa nyuma kwa kasi, na maganda ya risasi ambazo hazijapigwa yanavutwa nayo. Vichwa vinachelewa kuufuata mwendo huo, vikichomoza mbele kidogokidogo mpaka kimoja kinagota kwenye fremu. Weka alama kwenye risasi ya tano, piga nne, kisha itoe uilinganishe na mpya. Ikiwa imerefuka, achana na aina hiyo kwa bastola hiyo, tafuta ambayo ganda lake limekibana kichwa vizuri shingoni. Na ikikwama tena usiilazimishe kwa kifyatulio: mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, kidole nje, na mwite msimamizi wa uwanja.