Maswali ya wasomaji: mahafali, jua la kaskazi na mbuzi aliyepewa jina

Desemba imeingia, kaskazi imeanza kupuliza, maembe yamejaa Darajani na simu yangu imejaa maswali ya mahafali. Wengi mmeuliza bei ya keki na rangi ya mapazia ya ukumbi. Hayo nimeyaacha, wapo mafundi wake. Nimechukua yanayowahusu watu na viumbe wanaoishi na mhitimu nyumba moja, kwa sababu hao ndio wanaosahauliwa kila mwaka.

Binti yangu anahitimu chuo kikuu Tunguu. Amepewa kadi mbili tu za wageni. Mimi na mama yake tuko Wete, na yupo bibi yake aliyemlea tangu darasa la kwanza. Shoga zake wanamwambia kadi moja ampe mchumba. Nani aingie? (Baba, Wete)

Bibi aingie. Kadi ya pili mpeane wewe na mama yake kwa maelewano, na kama hamuelewani, aende mama. Mchumba atasubiri nje na maua yake, na akinuna basi mmeshajua jambo la maana kabla ya posa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenipata. Siku yangu mimi, kadi moja nilimpa rafiki niliyekuwa nikisoma naye. Mama yangu alifika na buibui jipya, akaambiwa mlangoni jina lake halipo. Alikaa chini ya mkungu saa tatu nzima, mkononi ameshika kikuba cha asumini na mrehani alichokitunga usiku kucha. Nilipotoka na joho langu, asumini lilikuwa limeshanyauka. Akanibandika kifuani hivyo hivyo, akaniombea dua, wala hakulitaja tena hadi alipofariki. Yule rafiki simjui alipo leo.

Na kwa kuwa mnavuka bahari, ongezeni siku. Njooni siku mbili kabla, msije asubuhi ya mahafali mkiwa na haraka, maana haraka ndiyo inayompandisha mtu chombo ambacho macho yake yanamwambia kimejaa kupita kiasi. Sisi tulizika watu wetu Septemba 2011 ilipozama meli ya MV Spice Islander ikielekea huko huko kwenu Pemba. Mkiona watu wamesimama hadi kwenye ngazi, shukeni, hata kama nauli imeshalipwa. Bibi akifika, mpeni chupa ya maji, upepeo na kiti cha kivulini. Chini ya hema saa 6 mchana joto halina huruma kwa mzee, na wazee wetu wana tabia ya kutokunywa maji ugenini ili wasisumbue mtu kuwapeleka msalani. Binti ndiye wa kumsimamia kwa hilo, joho au bila ya joho.

Rafiki zangu wanataka nipige makachu (kujirusha baharini kutoka ukutani) Forodhani nimevaa joho, wanipige picha nikiwa hewani. (Mhitimu mtarajiwa, Kikwajuni)

Hapana. Joho likiloa linakuwa zito, mikono yake mipana inakufunga kama jarife, na pale chini kuna mawe maji yakipwa. Piga picha ukutani ukiwa mkavu, ulirudishe joho la watu, kisha ukaogelee na kaptura yako.

Tulinunua beberu mdogo tangu Mfunguo Tatu tumlishe kwa ajili ya sherehe ya kijana wetu. Sasa wadogo zake wamempa jina, wanalala naye ukumbini, na juzi yule wa miaka sita ameniuliza kama "Shababi" naye atakula pilau. Mume wangu anasema watoto wasilelewe kimayai, mbuzi ni mbuzi. Nifanyeje? (Mama, Fuoni)

Mama Fuoni, msimchinje huyo. Uza mzigo wa nazi, punguza keki, ununue nyama kilo unazozihitaji kwa muuza nyama. Mume wako ana haki kwamba mtoto wa Kiislamu ajue kitoweo kinatoka wapi, na mimi ni wa kwanza kusema watoto wafundishwe. Lakini hilo hufundishwa kabla. Mngewaambia siku ya kwanza, "huyu ni wa kuchinjwa, tumtunze vizuri hadi siku yake," wangemtunza kwa adabu nyingine. Mmenyamaza miezi, mmewaacha wamfanye ndugu, halafu mnataka somo lifundishwe kwa kisu siku ambayo nyumba nzima inacheka. Mtoto hatakumbuka shahada ya kaka yake. Atakumbuka sufuria.

Hili linanipeleka mbali kidogo, mnivumilie. Tumefundishwa kufanya ihsani katika kila kitu, na katika kuchinja tumeamrishwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Sasa nendeni mkaone kwenye sherehe zetu. Mbuzi anafungwa juani tangu alfajiri bila maji, kisu kinanolewa mbele ya macho yake, mwenziwe anachinjwa pembeni yake, na vijana wameshika simu wanachukua video. Nani katufundisha haya? Mnyama akae kivulini, anyweshwe, aletwe mmoja mmoja, kisu kiwe tayari kabla hajafika. Na simu ziwekwe mfukoni.

Shababi mwacheni. Beberu mmoja ndani ya ua si hasara, mkipata majike mtakuwa na zizi.

Pilau la sherehe likibaki, linaliwa kesho yake? (Watu wanne, mitaa minne)

Nimelijibu hili Mfunguo Mosi, nikalijibu Mfunguo Tatu, na bado mnaniuliza "likipashwa moto vizuri je?" Someni basi mara hii mpaka mwisho. Wali uliopikwa una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto, mbegu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha hadi sufuria iungue. Kwa hiyo suala si kupasha. Suala ni saa ngapi chakula kimekaa nje. Kisizidi saa mbili, na joto likivuka digrii 32, kama inavyokuwa kwetu kaskazi, kisizidi saa moja. Kinachobaki kitandazwe kwenye sinia kipoe upesi, kisha kiingie friji. Msikifunike kwenye sufuria kubwa kikiwa moto, kwa sababu katikati kitabaki vuguvugu usiku kucha. Wali wa nazi na mchuzi wa nazi ndio wa mwanzo kuchacha.

Umeme ukikatika usiku, hesabu hiyo inaanza upya. Waliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila umeme, walijifunza jambo jepesi: pika kiasi, gawa mapema. Peleka sahani kwa jirani chakula kikingali moto. Sahani ya moto ni heshima, na ya kesho yake ni mtihani kwa tumbo la mwenzio.

Kamati ya familia imepitisha sare ya shilingi 60,000 kila mtu, na asiyenunua asikae meza ya mbele. Nikope? (Shangazi wa mhitimu, Mpendae)

Usikope. Vaa kanga yako nzuri, kaa nyuma, na hizo 60,000 kama unazo mpe mhitimu mkononi akatengeneze wasifu wake na nauli ya kutafutia kazi. Aliyepitisha sharti la meza amesahau nani alikuwa akitoa pesa za madaftari.

Nina mbwa wa ulinzi. Siku hiyo watakuja wageni mia na watoto. Wengine wanataka nimwondoe kabisa, kuna anayesema nimfungie stoo. (Mzee, Bububu)

Stoo yenye bati, Desemba, mlango umefungwa? Atakufa. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Joto lake hulitoa kwa kuhema, na hewa ikiwa ya moto kuhema hakumsaidii kitu. Mfunge nyuma ya nyumba chini ya mwembe, mbali na sufuria na njia ya watoto, kamba ndefu ya kutosha kulala na kugeuka, na maji kwenye karai zito asilolipindua. Awepo kijana mmoja mkubwa mwenye kazi hiyo tu. Waambie wageni kabla hawajafika kwamba mbwa yupo na wapi. Anayechukia mbwa ana haki ya kukaa mbali naye. Hana haki ya kumpiga mawe. Sote tulisimuliwa madrasa kisa cha yule aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake.

Hujanieleza kama amechanjwa. Mchanje wiki hii. Pemba waliwahi kukitokomeza kichaa cha mbwa kwa kampeni za kuchanja, kikarudi mwaka 2016, wakalazimika kupambana nacho tena mpaka wakakishinda. Mtoto aking'atwa, hata kidogo, hata na mbwa mnayemjua: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Msipake majivu wala kahawa, na msingoje mtoto "abadilike." Dalili zikishatokea, hakuna dawa ya kumrudisha.

Paka wetu anapenda sana makombo ya pilau. Siku ya sherehe wageni wote watamtupia. Ubaya uko wapi? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Ubaya uko kwenye kitunguu na thomu (kitunguu saumu). Vyote viwili vinaharibu damu ya paka, na ya mbwa pia, na pilau letu bila ya vitu hivyo halipo. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha na kumtoboa utumbo. Zabibu kavu za biriani zinaweza kumwua mbwa kwa figo. Mwekee paka wako samaki mtupu chumba cha ndani, pamoja na maji na mchanga wake, mlango ufungwe hadi wageni waondoke. Mkipiga fataki, na mimi nasema msipige, paka aliye nje atakimbia na huenda msimwone tena.

Mbuzi na ng'ombe wa mtaani nao wana sherehe yao usiku huo, kwenye jaa lenu. Sahani laini na vifuniko vya plastiki vyenye harufu ya mchuzi wanavimeza, na tumboni havisagiki. Mnyama anakonda, anavimba, anakufa, na mwenyewe hajui kwa nini. Visiwani tulipiga marufuku mifuko ya plastiki miaka mingi kabla ya Bara, ambako katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019. Sasa tunairudisha kwa mlango wa sahani. Azimeni sahani za msikiti au za jirani, mzioshe.

Siku ya pili tunawapeleka wahitimu na watoto wote Paje. Tunataka kurusha maputo 50 baharini, na binti yangu anataka kumchukua paka wake kwenye kikapu. (Mama, Mombasa, Unguja)

Paka abaki nyumbani, pwani hana anachokitafuta. Maputo pia. Upepo utayabeba, yatapasuka na kuanguka majini, na kasa akiona kipande cha puto kinaelea anadhani ni konyeza, chakula chake, anameza. Kasa wetu wana taabu za kutosha.

Nawaogopea zaidi watoto. Angalieni mwezi kabla ya kupanga. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika kiasi cha mita nne. Upande wa mashariki maji yakipwa yanakwenda mbali hata mtoto anadhani anaweza kutembea hadi mwambani, na kweli anaweza. Kurudi ndiko kwenye hatari, kwa sababu maji yakigeuka yanajaza mikondo iliyo nyuma yake kwanza, naye bado amesimama pakavu. Muulizeni mvuvi au mama wa mwani saa ya kugeuka kwa maji, na watoto wote wawe mchangani kabla ya hapo. Na mtembee mbali na vigingi vya mwani. Zile kamba ni kazi ya wanawake wa pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mguu mmoja wa mgeni unakata riziki ya wiki.

Tunaruhusiwa kumvalisha kobe wa kisiwa cha Changuu kofia ya mahafali kwa picha? (Kundi la wahitimu)

Msimguse kichwa, msimpande, msimvalishe. Wale asili yao ni zawadi iliyoletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wengine wana umri mkubwa kuliko vyuo vyetu vyote. Simameni kando yake mpige picha.

Mimi nina miaka 10. Kaka yangu anahitimu keshokutwa na paka wetu amezaa watoto watatu juu ya joho lake ndani ya kabati. Mama hajajua. Nifanye nini? (Msomaji mdogo, Chake Chake)

Umefanya vizuri kuuliza, mwanangu. Nenda kamwambie mama sasa hivi, usingoje jioni. Kisha tafuteni boksi la karatasi, mtandike kanga kuukuu ndani yake, mliweke sakafuni mbele ya kabati hilo hilo, si chumba kingine. Mama paka akitoka kula, mtu mzima aliyeosha mikono awahamishe watoto wote watatu kwa pamoja, na paka akirudi mwonyesheni boksi, mtoke, mfunge mlango nusu. Akiwabeba mwenyewe kuwapeleka pengine, mwacheni, anajua anachofanya. Joho lifuliwe leo kwa maji baridi na sabuni kidogo, maji ya moto yatagandisha damu kwenye kitambaa. Lianikwe kivulini penye upepo, lipigwe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine. Kwa kaskazi hii, kesho adhuhuri litakuwa limekauka.