Panya walinikatia nyaya mara mbili, na mara ya pili bima ilinilipa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbale, hapa Uganda, aliniandikia kwamba gari lake limekataa kuwaka, fundi amefungua boneti akakuta nyaya zimetafunwa, naye anauliza kama bima itamlipa. Ujumbe wake ulinifikia siku chache baada ya mimi mwenyewe kulipwa kwa hasara ya aina hiyohiyo. Niliusoma kwa furaha na kwa maumivu ya zamani pia, kwa sababu miaka mitatu iliyopita nilikuwa mahali alipo yeye, na sikupata hata shilingi moja.

Mimi hufanya biashara ya mahindi hapa Tororo. Mwaka ule, mavuno ya msimu wa kwanza yalipoingia, nilijaza magunia ghalani, nikaegesha gari kando ya ukuta wa ghala, kisha nikapanda basi kwenda msibani Arua na kukaa huko wiki mbili. Niliporudi, injini iliwaka kwa taabu, ikawa inatetemeka, na taa ya onyo haikuzimika kwenye dashibodi. Fundi alikuta kiota cha maganda ya mahindi juu ya injini na nyaya za nozeli, zile zinazopulizia injini mafuta, zimekatwa. Wengi hudhani panya hutafuna waya kwa njaa, lakini meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo hana budi kuyasugua kila siku, na plastiki ya waya ni laini. Chini ya boneti pia ni pakavu, pamefichika na paka hapafikii.

Matengenezo yalinigharimu shilingi 1,400,000. Sikuwa na wasiwasi, maana nilikuwa nimekata bima kubwa, juu ya ile ya mtu wa tatu ambayo sheria ya 1989 inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, na ambayo haigusi hasara ya gari lako mwenyewe. Kampuni ilinijibu kwa barua ya mistari minne: uharibifu wa panya, wadudu na wanyama waharibifu umo katika orodha ya mambo yasiyofidiwa. Nilifungua hati niliyokuwa nimeitia saini bila kuisoma, nikakuta maneno hayo ukurasa wa tano, baada ya uchakavu na hitilafu za umeme. Hata kama yasingekuwemo, ningeshindwa, kwa kuwa fundi alikwisha kuunganisha nyaya na kutupa kiota kabla mkaguzi wa bima hajafika. Nililia siku ile, na bado nikiikumbuka barua ile kifua hunibana.

Lililonipotosha ni kwamba nilikuwa nimesoma kwenye intaneti kuwa bima kubwa hulipa hasara ya panya. Hilo ni kweli kwa kawaida huko Marekani, ambako mwenye gari hujilipia sehemu ya kwanza ya gharama na kampuni humalizia. Huku kwetu kinachokulinda ni hati uliyoitia saini wewe, na katika hati yangu moto ulifidiwa ilhali panya hakufidiwa, ingawa waya uliochubuliwa ukigusana na chuma unaweza kuwasha moto huohuo.

Muda wa kulipia upya ulipofika, nilikataa kutoa fedha mpaka wakala aniletee nyongeza ya maandishi inayotaja panya kwa jina. Alisema haiwezekani. Nilihamia kwa kampuni nyingine, nikaongeza ada kidogo, nikaipata. Mwezi uliopita panya walirudi, wakakata nyaya za taa. Safari hii sikumruhusu fundi kugusa kitu; nilipiga picha kiota, kinyesi na alama za meno, nikatoa taarifa siku hiyohiyo kwa maandishi, nikamngoja mkaguzi. Nililipwa yote isipokuwa kile kiasi cha kwanza ambacho hati inataka nijilipie.

Ndugu zangu, sisi tunaohangaika kupata hata gari moja hatuna haki ya kutia saini karatasi tusizozisoma. Someni ukurasa wa mambo yasiyofidiwa kabla ya ule wa bei. Ahadi ya wakala kwa simu haitoshi. Itakeni kwa maandishi. Kampuni ikikataa dai ambalo hati inalikubali, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko, lakini nayo itakuuliza hati inasema nini, kwa hiyo narudia: someni.

Kuhusu panya wenyewe, mimi sasa siegeshi karibu na nafaka, sikai siku tatu bila kuliwasha gari na kulisogeza, na nimeweka mitego ghalani. Sumu niliiacha baada ya panya mmoja kufia ndani ya mfereji wa hewa. Kiota kiloweshwe kwa maji yenye jiki na kiondolewe kwa glovu, kwani mkojo wa panya hubeba magonjwa.

Wewe wa Mbale, mwambie fundi asimamishe kazi leo na asitupe waya hata mmoja. Kisha nipigie picha ukurasa wa mambo yasiyofidiwa katika hati yako, unitumie, tuusome pamoja.