Maswali na majibu: "Docta, nifikishe kilo ngapi ndipo mawazo yaishe?"

SWALI: Jambo Docta. Niko na miaka 43, ni mwalimu wa shule ya msingi huku Katuba, Lubumbashi. Tangu mwaka jana moyo wangu ni mzito, usingizi unakatika usiku wa manane, nalia bila kujua nalilia nini. Kwenye kituo cha afya walinipatia vidonge vya amitriptyline, dawa ya huzuni nzito. Ilianza kunisaidia, lakini nikanenepa. Dada mmoja wa kanisani akanitia kwenye kundi la WhatsApp la kupunguza uzito: asubuhi chai yao, mlo mmoja kwa siku, kukimbia saa nzima kila alfajiri, kisha kutuma picha ya mizani. Kiongozi wa programu alisema niache vidonge kwa sababu vinanenepesha, na kwamba nikitoka kilo 92 nikafika 70 mawazo yatakwisha yenyewe. Sasa niko 83, lakini nalia kuliko mbele. Niongeze mazoezi ama nivumilie tu mpaka kilo zifike?

JIBU: Mama, usiongeze na usivumilie. Ile chai uiache leo. Kesho urudishe chakula cha asubuhi na cha mchana, kukimbia kuwe kutembea, na wiki hii hii urudi kwa aliyekuandikia amitriptyline, pakiti ya chai ikiwa mkononi. Vidonge usivianze tena mwenyewe kwa dozi ile ya zamani. Mtu aliyekaa muda bila dawa mara nyingi huanzishwa upya kidogo kidogo. Na kama umewahi kuwaza kwamba ingekuwa afadhali usiamke, usingoje wiki iishe. Mwambie mtu wa nyumbani leo akusindikize hospitali. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, ambacho kazi yake ni magonjwa ya akili, na kwenda kule si aibu.

Sasa niseme juu ya kilo, maana maswali ya namna hii nayapata kila mara, na kila anayeuliza amelishwa uongo uleule: kwamba huzuni inakaa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo mafuta yakiyeyuka nayo itayeyuka. Si kweli. Chakula na mazoezi vinasaidia akili, tena sana, lakini si kwa kupitia mizani.

Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake huko Australia walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kundi moja lilisaidiwa kwa wiki 12 kula vizuri: mboga, matunda, jamii ya maharagi, nafaka zisizokobolewa, samaki, karanga na njugu, mafuta ya zeituni, huku soda, vitamu na vya kukaangwa vikipungua. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza naye mara kwa mara. Mwishoni karibu theluthi moja ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye ugonjwa, na kwa wale wengine ilikuwa asilimia 8. Uzito wao haukubadilika. Hawakuwekewa kipimo cha kilo, hawakulazwa njaa, waliambiwa wale mpaka washibe. Na wengi wao walikuwa bado wanaendelea na dawa au na mazungumzo ya tiba. Chakula kiliongezwa juu ya matibabu, hakikuyafukuza.

Kwa mazoezi ni vilevile. Mwaka 1999 kwenye Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, James Blumenthal na wenzake waliwafuata watu wazima 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na zaidi. Wengine walifanya mazoezi ya nusu saa, mara tatu kwa wiki. Wengine walimeza dawa iitwayo sertraline. Wengine walipata vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamefika karibu pamoja, ingawa wa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi. Utafiti huu ndio unaonyofolewa na wauza programu: "mazoezi ni sawa na dawa, tupa vidonge!" Hawakwambii kwamba watu wale walikuwa na msimamizi, kwamba hawakulazwa njaa, na kwamba hakuna aliyekatiza tiba yake kwa amri ya mtu wa WhatsApp.

Unachofanyiwa wewe, mama, kinafanana zaidi na jaribio jingine. Mwisho wa 1944, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kujitolea, wenye afya ya mwili na ya akili. Kwa wiki 24 walipewa kalori kama 1,570 kwa siku, na walitakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Akili zao zilikwenda wapi? Wakawa wanyonge, wakali, wanajitenga, hawana hamu ya chochote isipokuwa kuwaza chakula mchana na usiku. Mmoja alifikia kujikata vidole kwa shoka. Watu wale walianza bila huzuni yoyote, njaa na mwendo ndivyo vilivyowafikisha pale. Wewe umeingia njaa ukiwa tayari mgonjwa, umeondolewa dawa, na mlo wako mmoja, hata ukiwa na bukari (ugali) ya kutosha, huenda haufiki kalori zile. Halafu unaambiwa uvumilie.

Kuna jambo linaloniumiza kuliko hesabu za kalori. Sonona humwambia mgonjwa kila siku kwamba hafai, kwamba ni mvivu, kwamba amewaangusha watu wake. Kisha anakuja mtu na programu inayosema maneno hayohayo mbele ya kundi zima: picha ya mizani, na yule ambaye kilo hazikushuka anaambiwa hana nidhamu. Hata zikishuka, kesho anatakiwa zishuke tena. Nimewaona watu waliopunguza uzito hadi majirani wakawasifu njiani, na ndani walikuwa wamevunjika kabisa. Kiongozi wa programu haoni hilo kwa sababu hapimi usingizi wala machozi. Anapima anachouza.

Na anauza chai. Chai nyingi za namna hii zina sena, majani ya kuharisha. Kilo zinazoshuka wiki ya kwanza ni maji na choo, na pamoja na maji yanatoka madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Amitriptyline nayo inagusa mapigo ya moyo; mtu mwenye potasiamu ya chini akiimeza anaongeza hatari. Mbaya zaidi, mara nyingi "chai ya asili" zikipimwa hukutwa zimetiwa sibutramine kwa siri, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa ilileta shambulio la moyo na kiharusi. Hiyo haichanganywi na dawa za sonona. Pakiti haitaji kilichomo, ndiyo maana nimesema uiache kwanza, halafu dawa irudi chini ya macho ya daktari.

Kiongozi wako amesema kweli mahali pamoja: amitriptyline huongeza hamu ya kula, na watu wengi hunenepa nayo. Hilo ni lalamiko la haki, ulipaswa kusikilizwa. Mwambie daktari waziwazi. Zipo nyingine, kama fluoxetine, ambazo kwa kawaida hazinenepeshi hivyo. Omba pia wakupime damu, sukari na tezi ya shingo. Upungufu wa damu unachosha mwanamke mpaka anadhani ni roho.

Kutembea, Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki: nusu saa kwa siku tano, mwendo ambao bado unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwako ianze hata dakika kumi. Toka na jirani, jioni jua likiwa bado lipo. Usitoke peke yako gizani, hofu ya njiani nayo ni mzigo. Chakula hukiendei mbali: maharagi, lengalenga (mchicha), sombe (majani ya muhogo), ndakala (samaki wadogo), karanga, vinkubala (viwavi vya kula) msimu wake ukifika, na bukari yako usiikimbie, ipunguze tu sahani ikiwa imejaa mboga. Pombe iache wakati uko kwenye dawa. Kwenye daftari andika ulilala vipi, ulifundisha siku nzima bila kulia, ulicheka na watoto. Mizani mpelekee mwenye programu. Kilo tutazizungumza baadaye, taratibu, kwa ajili ya magoti na presha, maana huko zina faida ya kweli.

Nawageukia na wengine mnaosoma, maana biashara hii ina milango miwili. Kwenye mlango wa pili wamesimama wanaouza vidonge vya kunenepesha makalio na mashavu, kwa wasichana wanaochekwa kwamba ni wembamba. Mara nyingi ni dexamethasone na cyproheptadine. Ya pili ni dawa ya aleji inayoleta usingizi na njaa. Ya kwanza ni dawa kali ya hospitali: inajaza maji mwilini, inapandisha sukari na presha, na kichwani inaweza kuleta kukosa usingizi, furaha isiyo na sababu, kisha huzuni nzito, hata kuchanganyikiwa. Nawapokea wasichana wanaoletwa na mama zao kwa "mapepo", na kwenye mkoba kuna dexamethasone.

Anayeuza dawa bila kukuuliza unaumwa nini, unameza nini, una mimba au huna, msimwachie mwili. Anayekwambia uache dawa ya daktari bila hata kujua uliandikiwa kwa nini, toka kwenye kundi lake leo. Na nyinyi mliokunywa dexamethasone kwa wiki nyingi au miezi, mkishasoma haya msiitupe ghafla. Mwili ukiizoea huacha kutengeneza homoni yake, na ukiinyimwa siku moja unaweza kulegea, presha ikaanguka, mtu akafa. Inapunguzwa hatua kwa hatua. Njooni na pakiti, hata kama imebaki tupu.