Miezi sita na hajakaa: mtoto njiti ana kalenda mbili

Mdogo wangu, umeandika kwamba mwanao ametimiza miezi sita juzi, alizaliwa wiki ya 32, na hadi leo ukimkalisha anajikunja mbele mpaka pua inagusa mkeka. Wa jirani ana miezi mitano tu na anakaa. Wifi yako keshasema mtoto kabemendwa, na mama anataka aanze uji mzito ili mgongo upate nguvu. Unauliza umekosea wapi.

Nianze na hesabu, maana mimi hii hesabu nilichelewa kuijua kwa miezi mitano na nililia sana bure. Mimba hukamilika wiki ya 40. Wa kwako alitoka zikiwa zimebaki wiki nane. Toa hizo wiki nane kwenye miezi sita yake, unabaki na miezi minne na siku kadhaa. Huo ndio umri wa shingo yake na mgongo wake. Kadi ya kliniki inasema sita, mwili unasema minne. Sasa mtoto wa miezi minne nani anamdai kukaa?

Wangu ni wa wiki 33. Tarehe niliyopewa kliniki ilikuwa 30 Machi 2022, chupa ikapasuka usiku wa kuamkia 9 Februari nikiwa hata nguo za mtoto sijamaliza kununua. Kilo 1.7. Baba yake ni dereva wa lori, wakati huo yuko Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Aliyetokea hospitali ni mama mkwe, katoka Muheza na basi la kwanza, kabeba mkungu wa ndizi na chupa ya uji wa pilipili manga. Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akasema, "Huyu ana vidole virefu, atakuwa mrefu kama babu yake." Hakusema neno jingine kuhusu udogo wake siku ile. Nakutajia hili mapema kwa sababu mbele huko nitamsema kidogo.

Tulikaa wodi ya njiti siku 23. Uzito ulishuka mpaka kilo 1.58 na mimi nikajua ndiyo basi, nesi akaniambia watoto karibu wote hushuka siku za mwanzo, asiwe tu amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kunyonya alikuwa hawezi. Kabla ya wiki ya 34 hivi wengi wao hawajui kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, kwa hiyo maziwa nilikamua, yakapita kwenye mpira wa puani, baadaye kikombe kidogo. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Unakamua, unamlisha, unaosha kikombe, unakaa chini, saa mbili zimefika.

Na kangaruu. Wewe umepitia, unajua: mtoto ana nepi, kofia na soksi tu, kifua kwa kifua, umefungwa naye kwa kanga, unalala umeegemea kama mtu anayesubiri treni. Siku ya sita mgongo ulinikatika nikaanza kulia. Nesi akamgeukia mama mkwe, akamwambia kifua chochote chenye joto kinafaa, hata cha bibi, hata cha baba. Mama wa watu, miaka 61, akafungua blauzi palepale mbele ya wodi nzima, akapokea mjukuu. Kuanzia hapo tukawa tunapokezana zamu. Yeye ndiye aliyelishika lile la kwamba mtoto akisahau kupumua kidogo, ukimpapasa mgongoni anakumbuka. Nesi alikuwa ametuelekeza hivyo, lakini bibi ndiye aliyekuwa anakesha kuhesabu pumzi.

Tukaruhusiwa na kilo 1.9. Nyumbani Makorora tuliendelea naye kifuani mpaka mwenyewe alipoanza kurusha miguu na kukataa.

Nilirudi kazini tarehe 4 Mei. Likizo ya uzazi mwaka ule, 2022, ilikuwa siku 84 na kwangu zilianza kuhesabiwa siku aliyozaliwa, ambazo ni wiki 12. Toa saba alizowahi kuzaliwa. Nilimwacha nyumbani mtoto ambaye kwa kalenda ya mwili alikuwa na wiki tano, na mhasibu mwenzangu ananiuliza, "Miezi mitatu, si anacheka sana sasa?" Alikuwa hacheki. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wamekutana wapi. (Kama umeajiriwa, dai muda wako wa kwenda kunyonyesha, sheria inaruhusu hadi saa mbili kwa siku. Bosi wangu alinuna wiki nzima, baadaye akazoea.)

Wiki ya 14 kwenye foleni ya chanjo nilikaa kati ya watoto wawili waliozaliwa wiki ileile na wangu. Mmoja anapiga kelele za furaha, mwingine kashika hereni ya mama yake anavuta. Wangu kalala. Yule mama akaniuliza kwa upole kabisa, "Wako anaumwa?" Nikasema amechoka. Jioni ile, mama mkwe anapiga miayo mbele ya uso wake, mtoto akatabasamu. Lile la kweli, la macho na mashavu. Kwa kadi wiki 14, kwa mwili wiki saba, yaani palepale watoto wanapotabasamu. Hakuchelewa hata siku moja. Ila mimi sikujua, nikaendelea kuhesabu kwa kadi.

Mwezi wa tano ndipo yalipoharibika. Shingo bado inayumba. Majirani wakaanza, kwanza kwa kuzunguka, "huyu mtoto mbona laini hivi", kisha jina lenyewe likatajwa: kabemendwa. Unajua uzito wa hilo neno. Siyo ugonjwa wa mtoto tena, ni kesi ya wazazi, nani katoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya. Na baba ni dereva wa masafa marefu, hukumu ilishatoka kabla ya ushahidi. Mama mkwe akanifuata usiku mmoja nachambua maharage, akakaa, akachambua na yeye kimya kama dakika kumi, halafu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, niambie ukweli. Hamjaharibu?" Nilimjibu vibaya. Nikampigia mume simu nikamjibu vibaya zaidi. Siku tatu hatukuongea, na yeye yuko barabarani.

Yaliisha kliniki, na yaliisha kirahisi mpaka nikaona aibu. Nesi mmoja mtu mzima alichukua kadi, akauliza alizaliwa wiki ya ngapi, akachomoa kalamu nyekundu na kuandika juu kabisa: 30/3. Akasema, "Mtu akikuuliza ana miezi mingapi, hesabu kuanzia hapa, mpaka afike miaka miwili." Akamlaza kifudifudi, mtoto akanyanyua kichwa, kikakaa kama sekunde tano, kikashuka. "Huyu ana miezi mitatu na siku kumi, unataka afanye nini?" Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Akahesabu kwa vidole, Aprili, Mei, Juni. "Kumbe bado mchanga," akasema. Tulipofika nyumbani alipita nyumba hadi nyumba pale mtaani akitangaza hesabu mpya, hata kwa watu ambao hawakuwa wamesema lolote.

Lakini angalia, chanjo hazifuati kalenda ya pili. Chanjo ni siku aliyozaliwa: wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu surua na rubela miezi tisa na miezi 18. Njiti ndiye anayezihitaji zaidi. Nilipojua hesabu mpya nikataka kuchelewesha ya miezi tisa, nikazuiwa.

Uji. Mwambie mama, kwa heshima zote, uji mzito haunyooshi mgongo. Njiti asipewe chakula kwa kuwa tu kadi imesema sita, aangaliwe mwenyewe: shingo imekaza? Ukimshikilia kiunoni anakaa wima? Kijiko kikija anafungua mdomo au ulimi unasukuma kila kitu nje? Wangu tulianza akiwa na miezi saba na nusu ya kadi, karibu sita ya mwili, baada ya nesi kumwona. Wa kwako apelekwe aonwe, usifuate wangu. Na uliza jambo moja ambalo hukuliandika: anapewa matone ya madini ya chuma? Mtoto hujiwekea akiba ya chuma wiki za mwisho tumboni, na hawa wetu waliondoka kabla akiba haijajaa. Wangu alipewa tangu wodini na nilikuwa nasahau, mpaka bibi akaiweka chupa kwenye rafu ya miswaki.

Sasa kukaa kwenyewe. Bibi yake alichimba kishimo uani kwenye mchanga, akatandika kanga mbili, akamsimika mle hadi kiunoni kama mche wa mnazi. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, na yeye kakaa pembeni hasogei. Nilicheka, ila nilipomuuliza nesi alisema muda mfupi na mtu akiwa karibu hakuna ubaya. Ndani tulitumia beseni. Alikaa mwenyewe, bila shimo wala beseni, akiwa na miezi tisa na wiki moja ya kadi. Kwa mwili ni saba na nusu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wazima, waliotimiza siku zao, wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yalitoka 2006: kukaa bila kushikwa kuliangukia popote kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutembea, kati ya 8.2 na 17.6. Tazama upana huo. Wa jirani yako na wa kwako wanaweza kupishana miezi mitano na wote wakawa sawa.

Kutambaa hakutambaa kabisa. Alijiburuza kwa makalio, mguu mmoja mbele, mkono mmoja kama kasia, akamaliza suruali nne. Niliogopa tena (mtu haachi kuogopa), nikakuta kwenye utafiti uleule watoto kama 4 kati ya 100 hawakupitia kutambaa kwa mikono na magoti. Baba yake akanunua kile kigari cha magurudumu cha kumfundishia kutembea. Tulikikataa, kinaangusha watoto na hakiharakishi kutembea. Kimekuwa tenga la vitunguu. Dede alisimama baada ya mwaka, akaachia hatua tatu za kwanza akiwa na miezi kumi na tano na nusu, akielekea kwenye ndoo ya maji kama ilivyo desturi yao.

Ila nisikufanye ulale usingizi. Kalenda ya pili haielezi kila kitu, na njiti wana hatari zaidi ya wengine. Mama niliyelala naye kitanda cha jirani wodini aliambiwa na kila mtu asubiri, njiti huchelewa. Yeye akaona jambo dogo: ngumi ya kulia ya mtoto haifunguki, kila kitu anashika kwa kushoto. Akaenda hospitali mtoto ana miezi sita. Ulikuwa utindio wa ubongo, na mazoezi yakaanza mapema. Leo anatembea kwa kuchechemea na ana maneno mengi kuliko wangu. Kwa hiyo, kwa kalenda ya mwili: miezi mitatu macho hayafuati uso wako, miezi minne kichwa bado kinaning'inia, anatumia upande mmoja tu, miguu imekakamaa na inapishana kama mkasi, au mwili mzima umelegea kama nguo iliyolowa, hashtuki kwa sauti, au alikuwa anaweza jambo na sasa hawezi. Hapo usihesabu chochote, nenda hospitali. Kujikunja mbele ukimkalisha, peke yake, hakumo humo.

Wifi mwache. Au mpe mtoto amshike kifuani saa nzima, wifi yangu alinyamazishwa na hilo.

Nijibu mambo mawili. Hiyo wiki ya 32 umeitoa kwenye kadi au umeikumbuka tu? Angalia pale palipoandikwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, au kipimo cha altrasaundi kama ulipiga mapema, kwa sababu wiki mbili zikihama hesabu yote inahama. Na kesho asubuhi, akiwa ameshiba kiasi na amechangamka, mlaze kifudifudi juu ya mkeka, wewe lala mbele yake uso kwa uso, umwite. Niandikie kichwa kinakaa juu muda gani, kifua kinanyanyuka au la, na mikono yote miwili inasukuma au mmoja.